Milingoti ya Harlow

Harlow, Kentucky
Jumapili, 15 Septemba 1974

Mdogo wangu Arlis,

Salamu hizi zikukute umeshiba, maana najua huko hawakunyimi chakula, wanakunyima chumvi tu. Huku tu wazima. Shemeji yako Oma anakusalimu, mbwa wako anakusalimu, na ule mtambo wako wa gongo waliouvunja askari nao ungekusalimu kama ungekuwa na mdomo. (Wewe afisa unayefungua barua za wafungwa, hujambo? Mtambo umeshakuwa vyuma chakavu, usijisumbue kuja.)

Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikamsomea Oma akiwa anakoroga unga wa mkate wa mahindi. Alikoroga mpaka ukawa uji. Unasema huna dua nyingine ila kumwona mwanao Estill akipiga mpira mara moja, mara moja tu, kabla hajamaliza chuo. Na huu ndio mwaka wake wa mwisho, na wewe una miwili zaidi humo ndani. Unasema ukumbini kwenu kuna televisheni moja, na Jumamosi mchana hushika mechi moja, ile inayooneshwa nchi nzima. Halafu unaniuliza kaka yako: chuo kinafanya nini mpaka nchi nzima ikae kukitazama?

Swali limefika kwa mwenyewe. Darasani niliishia la sita, lakini dunia nimeisoma mpaka jalada la nyuma. Nikiwa baharia nimekula Napoli, nimelala Manila, nimepigana ngumi Yokohama na mtu ambaye baadaye alinialika harusini kwake. Kwa hiyo sikiliza.

Kwanza ushinde. Pili umshinde mtu mwenye jina, maana ukimpiga kofi mtu asiyejulikana, kofi lako nalo halijulikani. Kisha kuna waandishi wa magazeti, kila wiki wanaketi na kupanga vyuo ishirini bora vya nchi hii, na hao waandishi hawajui kama Harlow ni mji au ni aina ya jibini. Tatu nimesahau, lakini ilikuwa kubwa kuliko zote.

Tatizo letu unalijua. Chuo kina wanafunzi wa kujaza kanisa moja na nusu. Uwanja wetu una jukwaa upande mmoja, na upande wa pili una mlima, watu wanakaa juu ya majani na mablanketi yao. Lakini Baghala wa Harlow, timu yetu, mwaka huu wana meno, Arlis. Na mwanao hajakosa teke tangu mwaka juzi. Akitembea kuingia uwanjani, watu wanaanza kukunja mablanketi, kwa sababu wanajua pointi imeshaingia.

Mimi nakuahidi: nchi nzima itamwona Estill. Hiyo televisheni nitaileta Harlow mwenyewe, hata kwa kuivuta kwa kamba.

Kaka yako,
Delbert Tackett


Gerezani, Kansas
29 Septemba 1974

Kaka Delbert,

Barua imefika. Afisa anakwambia hajambo, ila anasema uandike kwa herufi kubwa zaidi, macho yake yanauma.

Ninayelala naye chumba kimoja ni Mmeksiko, anaitwa Eusebio, mtu mzima, mtaratibu. Yeye mpira anaoujua ni ule wa duara. Aliniomba nimweleze wetu, nikajitahidi. Nikamwambia mpira wenyewe una umbo la yai. Mnaubeba mikononi, mnakwenda nao huku wenzenu wanawaangusha, mpaka mvuke mstari wa mwisho, hapo mmepata pointi sita. Kisha anaingia kijana mmoja anaupiga teke upite kati ya milingoti miwili mirefu, juu ya mtambaa panya. Hiyo ni pointi moja zaidi. Huyo kijana ndiye mwanangu.

Eusebio alifikiri mpaka chai yake ikapoa. Akasema, "Kwa hiyo katika mpira wenu wote wa miguu, anayetumia mguu ni mwanao peke yake."

Tangu siku hiyo anamwita Estill "mchezaji". Wengine wote anawaita wapagazi.

Kaka, usiniahidi. Nakuomba. Humu ndani kila mtu ana ahadi yake mfukoni, anaitoa jioni anaiangalia. Nimeona watu wanavyokuwa zinapochanika. Niandikie tu matokeo. Nami nitapiga picha kichwani, nimezoea.

Mwambie Oma soksi zimenitosha.

Mdogo wako,
Arlis


Harlow
20 Oktoba 1974

Arlis,

KWA HERUFI KUBWA ILI AFISA ASIUMWE MACHO: TAI WANAKUJA HARLOW.

Basi, nimechoka, narudi kwenye ndogo. Tai wenyewe, wale wa Chuo Kikuu cha Tyndall, wa tano nchini kote, wenye uwanja unaomeza watu elfu sitini na bendi inayojaza treni. Wanakuja hapa, kwenye uwanja ambao wiki iliyopita tulisimamisha mchezo kumfukuza ng'ombe wa Hobart.

Utauliza ilikuwaje. Unamkumbuka Burl Stidham, yule wa kule juu bondeni? Sasa ndiye kocha wa Tai, ana suti na meno mapya. Mama yake, Bi Lockie, bado yupo kwenye nyumba ileile, na alimwambia mwanawe kwamba hafi mpaka aione timu yake ikicheza kwenye udongo wa nyumbani. Miaka mitano anamwambia hivyo. Safari hii akaongeza kwamba amechoka kungoja. Ukiwa na suti ya namna gani, Arlis, hilo utalijibuje? Burl akasaini.

Na Tai wanapokwenda, kamera zinakwenda. Watu wa televisheni walikuja Alhamisi, wanne, viatu vyao vinang'aa. Wakaniuliza hoteli iko wapi, nikawaambia mafundi bado wanaijenga. Wakauliza mji una watu wangapi. Nikasema elfu ishirini. Hawakuuliza kama nahesabu na ng'ombe. Mkubwa wao alitazama ule mlima, akauliza watu wanakaaje pale bila kuporomoka. Nikamwambia, Bwana, sisi tumezaliwa tumeinama upande mmoja. Nikawachomea nguruwe, nikawapa maharage na vitunguu vibichi, wakala mpaka mmoja akafungua mkanda.

Tarehe kumi na sita Novemba, saa nane mchana kwa saa yetu. Nchi nzima. Sisemi ni mimi niliyefanya, maana mama alitukataza kujisifu. Nasema tu nguruwe alikuwa wangu.

Tumeshacheza sita, tumeshinda sita. Estill ana jezi namba tatu. Mtazame miguuni, soksi moja huwa imeshuka, haipandi hata Oma aishone na ngozi.

Delbert


Gerezani
3 Novemba 1974

Kaka,

Nimesoma na nikaketi chini.

Humu televisheni inaamuliwa kwa kura. Jumamosi hiyo stesheni nyingine ina filamu ya farasi na bunduki, na wapenda farasi ni wengi. Eusebio alizunguka chumba kwa chumba kama mtu anayegombea ubunge. Sijui aliwaambia nini. Leo asubuhi jitu moja la Chicago ambalo halijanisalimia tangu nije, lilinisimamisha kwenye foleni ya uji. Likasema, "Wewe ndiye baba wa mguu?" Nikasema ndiyo. Likasema, "Kura yangu unayo."

Nimenyoa ndevu. Eusebio ananicheka, anasema mwanangu hataniona kupitia kile kioo. Najua hataniona. Nimenyoa hata hivyo.

Arlis


Gerezani
Jumamosi, 16 Novemba 1974

Kaka Delbert,

Naandika televisheni ikiwa ndiyo kwanza imezimwa. Tumewaona. Tumeona mlima umejaa watu kama umeota nywele. Tumemwona baghala na kofia yake. Nadhani nilimwona Oma, au mwanamke mwenye koti kama lake. Estill nilimwona mara tatu kwenye benchi, na soksi imeshuka kama ulivyosema. Nikawaambia wote, namba tatu, yule pale, yule.

Sikujua ni mchezo wa kuumiza hivyo. Matope tupu, na Tai wanene kama makabati. Walipopata zile sita zao na teke lao likagonga mlingoti, ukumbi huu ulipiga kelele hadi askari wakaingia kuchungulia. Kisha tukakaa, na tukakaa, sita kwa sifuri, saa inaisha. Ndipo yule kijana wenu mwembamba alipochomoka na mpira katika sekunde za mwisho. Nilisikia jitu la Chicago likiomba dua kwa sauti.

Tumewapiga Tai saba kwa sita. Niliona ubao, saba kwa sita. Niliona watu wanashuka mlima kama maji. Mtangazaji akasema Harlow imeangusha jabali, kwaherini, wakaweka tangazo la sabuni. Humu wanaume wakubwa walikumbatiana.

Lakini Kaka, niambie jambo moja. Alipiga lini? Sita ni za kuvuka mstari, ya saba ni yake. Nami sikuiona. Wengine wanasema walisimama mbele yangu. Eusebio anasema nilikuwa nimefunika uso kwa mikono. Sikumbuki kufunika uso. Nimengoja teke lile miaka minne, na lilipopigwa, sikuwa natazama.

Niandikie lilivyokuwa. Andika polepole, usiongeze chumvi.

Arlis


Harlow
Jumapili, 17 Novemba 1974

Mdogo wangu,

Dada yake Oma alipiga simu kutoka Ohio kutupongeza, ndipo tukajua kwamba televisheni ilikata na kwenda zake. Kwa hiyo wewe huko unasherehekea, na ni lazima mtu akuambie. Bora niwe mimi.

Ule haukuwa mwisho, Arlis. Teke lilikuwa halijapigwa.

Ni hivi. Ubao wetu wa matokeo bado ni wa kutundika namba kwa mkono, na anayetundika ni Bi Thelda, mke wa mchungaji. Kijana alipovuka mstari, Bi Thelda alitundika saba. Hakutundika sita. Mwanao hajakosa miaka miwili, basi yule mama kwa imani yake akaona kwa nini apande ngazi mara mbili. Mlima mzima ukaona saba, na mlima mzima ukashuka.

Unajua desturi: ukimwangusha mkubwa, unang'oa milingoti. Tuling'oa ya kaskazini. Wanafunzi wakang'oa ya kusini. Milingoti ya chuma, mashimo yakabaki yanatutazama. Ya kaskazini ilikuwa imeshafika barabarani, inaelekea mtoni, bendi nyuma yake, ndipo mwamuzi akapanda juu ya meza ya watu wa maji na kusema kwa kipaza sauti kwamba matokeo ni sita kwa sita, sekunde zimekwisha, limebaki teke moja, na anaomba kujua mlingoti uko wapi.

Bi Thelda alikaa kwenye ngazi yake akajifunika na namba saba.

Mwamuzi angeweza kumaliza pale pale. Sheria sijui inasemaje, naye nadhani hakujua. Burl Stidham ndiye aliyeamua. Alivuka uwanja na suti yake imejaa tope, akamwambia, "Wakiweza kuusimamisha, apige. Mama yangu anatazama."

Basi ukageuzwa kule barabarani. Ukaja juu ya vichwa vya watu, ule mti wote wa chuma, taratibu, bila bendi, kama tunazika mtu mkubwa. Tukauingiza kwenye mashimo yake. Mashimo yalikuwa yamepanuka, ukacheza kama jino la mtoto. Watu wakaushika. Wachimba mkaa, wahudumu wa hospitali, walimu wa chuo na tai zao za shingoni, na watu wa Tyndall, Arlis, mashabiki wa Tai wenyewe wakashuka jukwaani wakaweka mabega yao kando ya yetu. Mwamuzi akaning'iniza timazi la kamba akatazama, akasema kushoto kidogo, tukaenda kushoto kidogo. Akasema hapo. Basi watu wale wakawa ndio mlingoti. Walikuwa wanapumua na chuma kinapumua nao.

Mlingoti wa kulia, pale chini kabisa, alikuwepo mtu mmoja amekumbatia chuma kwa kifua, na uzito ulikuwa kwake zaidi kuliko wengine. Kumbuka huyo.

Wachezaji wa Tai hawakuruka kuzuia. Walisimama tu, wamevua kofia zao za chuma. Estill akaingia. Hakuna aliyekunja blanketi. Soksi imeshuka. Akatazama juu, akatazama wale watu, nadhani alimtazama kila mmoja. Kisha akapiga.

Lilikuwa teke zuri. Nataka ulijue hilo. Liliondoka na mlio wa mlango mzito unaofungwa, likapanda likapita usawa wa jukwaa, likaenda refu, na kule mwisho upepo wa bondeni, unaujua, ukalishika. Lilipita nje ya mlingoti wa kulia kwa upana wa kiganja.

Sasa kuna jambo moja. Yule mtu wa chini alikuwa anautazama mpira tangu unaanza kupinda. Aliuona unakwenda nje. Angeegemea kidogo tu, Arlis, kama mtu anayehamisha uzito mguu hadi mguu, juu kule mlingoti ungeyumba hatua nzima, na mpira ungepita ndani, na nani angejua? Chuma chote kilikuwa kinacheza. Alikuwa na muda. Hakuegemea. Alikaza meno akasimama wima.

Sita kwa sita. Hatukumshinda mtu yeyote.

Mjini wapo wanaomsema. Kwenye duka la Hobart leo nimesikia mtu anasema mpumbavu yule alikuwa na ushindi mkononi akauachia upite. Jina lake usiniulize. Nawe ni baba wa kijana, una haki ya kumchukia kama utapenda.

Nilikuahidi nchi nzima, na nchi nzima iliondoka kabla ya teke. Hukuniahidisha, niliahidi mwenyewe kwa mdomo wangu. Nisamehe.

Delbert


Gerezani
Alhamisi, 21 Novemba 1974

Kaka Delbert,

Barua yako imenifikia leo mchana, siku tatu baada ya mimi kujua yote.

Kumbe kuna mpiga picha wa ile stesheni ambaye hakuambiwa kwamba wamefunga. Alikuwa juu ya lori lake amezungusha kamera muda wote. Jumatatu katika taarifa ya habari, baada ya mambo ya rais na bei ya mafuta, msomaji yule mwenye miwani aliweka karatasi zake chini, akasema sasa tuwaonyeshe kitu kutoka Kentucky. Wakaiacha picha iende bila sauti yoyote.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na sahani mkononi. Eusebio akanivuta shati.

Nimemwona, Kaka. Nimemwona anatembea kuingia, nimeona anavyopangusa kiatu nyuma ya mguu mwingine, kama baba alivyokuwa anafanya kabla ya kuingia kanisani, sikujua kama amerithi. Nimeona mguu unakwenda. Nimeona mpira wote kutoka chini mpaka mwisho. Wanaume waliofungwa kwa wizi, kwa visu, kwa kughushi, wamesimama na vijiko mikononi wanatazama watu wasiowajua wameshika chuma wima. Jitu la Chicago lilivua kofia. Na askari aliyekuja kuzima televisheni alisahau alichokuja kufanya.

Eusebio ndiye aliyeongea kwanza. Alisema, "Hawa watu ni wa wapi?"

Uliniambia kwamba ili nchi nzima ikutazame ni lazima umshinde mtu mwenye jina. Hukumshinda mtu. Leo humu kila mtu anajua Harlow iko wapi. Kuna mtu wa Oregon ameniuliza kama kuna kazi huko akitoka. Kuna mwingine ameuliza kama Bi Thelda yuko salama. Sielewi mambo haya yanaendaje, nawe nadhani huelewi, pamoja na Napoli na Manila zako.

Sasa nikwambie la mwisho.

Kamera ile ilikuwa imekaa karibu na mlingoti wa kulia. Miaka yote unaniandikia umemwinua ng'ombe mzima, umekunywa na majemadari, umemfundisha Mfaransa kupika, nami nakuamini nusu na kucheka zote. Halafu siku moja unafanya jambo ambalo hata malaika wangeliandika, unaniandikia "mtu mmoja". Umezeeka, Kaka. Shingo yako ilikuwa imetoka mishipa. Niliona macho yako yanaufuata mpira wa mwanangu unakwenda nje, na niliona bega lako. Nilikuwa nalitazama hilo bega kuliko nilivyotazama mpira. Halikusogea.

Na baada ya hapo niliona Estill anavuka uwanja, anapita wenzake wote, anakuja kuweka paji la uso wake juu ya bega hilohilo. Hilo nalo hukuniandikia.

Nimchukie nani, Delbert? Kama ungeegemea, ningemwona mwanangu anapata pointi ya wizi, na humu ndani tunao wezi wa kutosha.

Miezi miwili nilikuwa najifunza maneno ya kusema atakapotokea. Nikayasema. Nikasema kwa sauti, yule ni mwanangu. Wakanipiga mgongoni, wakanishika mkono, nikadhani yamekwisha. Ndipo jitu la Chicago likauliza, likinong'ona kama tuko msibani:

"Na yule mzee aliyeshika chuma?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Ilinibidi niweke sahani chini kwanza.

Nikawaambia ni kaka yangu.

Arlis